Baba Ana Presha na Kahawa Haachi: Nimbadilishie Bila Kumwambia?

Assalaam aleikum Khalti,

Naomba usinitaje jina wala mtaa, manake Lamu ni ndogo na barua hii ikisomwa barazani watu watajua ni ya nani kabla hawajafika katikati.

Mimi ni mzaliwa wa Amu lakini saa hii niko Malindi, nafanya kazi kwa mgahawa wa Mtaliano, kazi yangu ni mashine ya kahawa, espresso, kapuchino, hizo ndizo zinanilisha. Baba yangu naye ni muuza kahawa, lakini hii yetu, kahawa tungu, ya dele, lile birika la shaba, na jiko la makaa, ina tangawizi na iliki, ameiuza tangu mimi sijazaliwa na wote tumesomeshwa na hilo dele. Ana miaka 66. Anauza alfajiri watu wakitoka msikitini, alafu tena jioni mpaka saa nne usiku, na yeye si mtu wa kumimina tu, kila mteja anayekaa anakunywa naye kifinjani kimoja, kwa hivyo ukiuliza anakunywa vingapi hakuna anayejua hata yeye mwenyewe.

Juzi juzi mama akanipigia simu analia, baba alishikwa na kizunguzungu asubuhi akiwa kwenye dele, wakamkimbiza hospitali, presha ikasoma 170 kwa 100. Daktari akampa dawa na akamwambia apunguze kahawa. Khalti, baba katika maneno yote ya daktari alisikia hilo moja tu la kahawa, akarudi nyumbani amenuna, akasema "kahawa hini ndiyo iliyowasomesha, leo imekuwa sumu?" Dawa zenyewe anameza siku akijisikia vibaya, akijisikia vizuri anasema ashapona.

Usiku halali. Mama anasema anamsikia anatembea uani saa nane, saa tisa, akiulizwa anasema anangoja alfajiri. Asubuhi kichwa kinamgonga, anameza Panadol Extra mbili, anateremka kwenye dele. Na si mtu mbishi wa kila kitu, mwaka jana aliacha sigara baada ya miaka na miaka, alizaliwa mjukuu tu akazitupa, hakuambiwa na mtu. Lakini kahawa haguswi. Hata Ramadhani siku za mwanzo anaumwa kichwa mpaka analala chini, magharibi ikiingia anapata kifinjani chake anafufuka.

Dada yangu mkubwa anasema hilo dele lichukuliwe litupwe baharini. Kaka yangu anasema mzee aachwe, kila mtu na siku yake. Mimi niko katikati.

Sasa kuna hili. Bosi wangu nilimuhadithia, akanipa pakiti kubwa ya kahawa isiyo na kafeini, Waitaliano wanaiita deca, imesagwa, harufu yake nzuri tu. Mama ndiye anayetengeneza kahawa ya baba nyumbani kabla haijateremshwa, na nimeongea naye, yuko tayari. Mpango ni niende nayo Maulidi inayokuja, tumbadilishie pole pole asijue. Anaendelea kuuza, anaendelea kukaa na wenzake, heshima yake haijaguswa, na mwili unapumzika. Kuna wakati naona ni akili nzuri sana, kuna wakati naona namfanya baba yangu mtoto mdogo.

Na mama kila simu anamalizia, "ungekuwa hapa ukakaa na dele la babako haya yote yasingekuwa." Hilo sijui nilijibu vipi, nalipitisha tu.

Nishauri Khalti. Ni huruma hii au ni uongo?

Mwana wa Muuza Kahawa, Malindi


KHALTI ANAJIBU

Waalaykum salaam mwanangu. Pole wewe, pole mama, na mzee Mwenyezi Mungu amfunike na afya.

Barua yako nimeisoma nikarudi nikaisoma tena, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani ni barua ya kahawa. Una baba ana presha ya juu, mama anayekesha kwa nyayo za uani, ndugu wawili kila mmoja anavuta kwake, na pakiti ya deca unaiangalia kila siku. Umeniuliza ni huruma au ni uongo. Ya halali na haramu tuwaachie mashekhe, mimi sitakukatia hukumu, lakini naweza kuzunguka na wewe hilo jambo tuliangalie pande zake, manake naona ushalitazama upande mmoja sana.

Hebu nianze hapa. Wote nyumbani mmeshakubaliana kwamba kahawa ndiyo iliyompandisha mzee presha. Nani alisema? Daktari, kwa maneno yako, alisema apunguze, na alitoa dawa. Kafeini kweli inapandisha presha, lakini inapandisha zaidi kwa asiyeizoea, alama 5 mpaka 10 hivi kwa masaa machache, alafu inashuka. Mtu wa kila siku mwili wake unazoea na ule mpando unapungua sana. Na tafiti nyingi za miaka na miaka zimekuta wanywaji wa kahawa kwa kiasi hawako vibaya kuliko wengine, tena kisukari na maradhi ya ini yanawapata kwa uchache kuliko wasiokunywa. Halafu ya baba yako haina maziwa wala sukari, tofauti na hizo kapuchino unazowakorogea watu sukari vijiko vitatu (najua si wewe unayekoroga, nakutania).

Lakini sikwambii ulale usingizi. Kuna utafiti wa Japani uliochapishwa 2022, waliwafuata watu zaidi ya elfu kumi na nane kwa miaka mingi, wakakuta kwamba wenye presha kali, ya 160 kwa 100 kwenda juu, wanaokunywa vikombe viwili au zaidi vya kahawa kwa siku, hatari yao ya kufa kwa moyo au kiharusi ilikuwa mara mbili ya wasiokunywa. Wa kikombe kimoja haikuonekana hivyo, na wenye presha ya kawaida pia haikuonekana. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kahawa ndiyo iliyoua, unaonyesha vinakwenda pamoja. Ila baba yako na 170 yake ndimo alimo, kwa hivyo hofu yako ina mguu.

Ila hiyo 170 yenyewe ilipimwa vipi? Umesema alichukuliwa kwenye dele, asubuhi, ashakunywa, kashikwa na kizunguzungu, watu wamemzunguka wanapiga kelele. Kipimo kizuri cha presha mtu anakuwa amekaa ametulia dakika kadhaa na hajanywa kahawa nusu saa nzima kabla. Sisemi ni uongo, nasema apimwe tena, siku nyingine, kwa utulivu, si mara moja, ndiyo mjue mnapambana na nini. Maana ikiwa ni 170 ya kweli ya kila siku, basi ule mstari mmoja uliouandika kwa kupita, kwamba dawa anameza siku akijisikia vibaya, ndio unaonitisha mimi kuliko dele. Presha haiumi. Mtu anajisikia vizuri na iko juu, na dawa yake ni ya kila siku, kujisikia hakuingii. Na chumvi je? Ng'onda, papa mkavu, achari, hukugusa kabisa. Ukimbadilishia kahawa kwa siri na dawa bado hamezi, utakuwa umeshughulika sana na mlango mdogo na ule mkubwa uko wazi.

Sasa njoo kwenye sigara, hapa nilisimama kabisa. Mwaka jana aliacha, mashallah, hiyo peke yake ni zawadi kubwa kwa moyo wake. Lakini kuna jambo wengi hawaambiwi: moshi wa sigara unalifanya ini livunje kafeini haraka, karibu mara mbili ya kawaida. Mvutaji anakunywa sana na haimkai. Siku akiacha, ini linarudi mwendo wake, na kile kile kiasi cha kahawa alichokunywa miaka yote sasa kinakaa mwilini muda mrefu zaidi, ni kama kaongeza vikombe na hakuongeza hata kimoja. Muulize mama, huku kutembea uani usiku kulianza lini? Kama ni mwaka jana huo huo, mtakuwa mmepata kitu cha kumwambia mzee ambacho hakimlaumu. Hakufanya kosa, alifanya jambo zuri na mwili ukabadilika hesabu.

Na usingizi wenyewe, kwa mtu wa kawaida asiyevuta, kafeini inachukua kama masaa matano kupungua nusu, wengine zaidi. Alichokunywa saa tatu usiku, saa nane nusu yake bado imo. Kichwani kuna kitu kinaitwa adenosini, kinajikusanya mchana kutwa na ndicho kinachotuletea usingizi, kafeini inakwenda kukaa pale pale kinapotaka kukaa, kama mtu aliyewahi nafasi yako barazani, na usingizi unabaki umesimama pembeni. Kuna utafiti wa Marekani wa 2013, watu walipewa kafeini nyingi, miligramu 400, masaa sita kabla ya kulala, na bado wakapoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. Na kutolala vizuri nako kunapandisha presha. Asubuhi kichwa kinagonga, anameza Panadol Extra mbili, na kila kidonge cha hiyo Extra kina kafeini miligramu 65 ndani yake, kwa hivyo kabla hajateremka kwenye dele ashakunywa miligramu 130 kwa maji. Ya kawaida bila Extra haina. Hilo ni jambo la kubadilisha kesho, tena hadharani, hakuna baraza litakalocheka. Ila mwambieni daktari pia kuhusu hicho kichwa cha kila asubuhi, huenda ni kahawa, huenda ni presha yenyewe.

Haya, tuje kwenye mpango wenu wa pakiti.

Una uzuri wake, sitaki kuudharau. Umefikiria heshima ya mzee kabla ya kitu kingine, wengi wangeanza na makelele ya dada yako. Lakini angalia yanayoweza kutokea. La kwanza, hicho kichwa cha Ramadhani. Kile ni mwili unadai kafeini, kinaanza baina ya masaa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho, kinakuwa kikali siku ya kwanza na ya pili, na kinaweza kuendelea mpaka siku tisa. Umesema pole pole, vizuri, ikiwa ni pole pole kweli hatakiona sana. Ila mama mkono ukiteleza akatia deca nyingi, mzee ataamka anaumwa bila kujua sababu, atakimbilia Panadol Extra au hospitali, na daktari atauliza umebadilisha nini, atasema sijabadilisha kitu. Daktari anapewa habari ya uongo na hakuna aliyekusudia kumdanganya.

La pili, dele ni moja. Anachokunywa yeye ndicho wanachonunua watu. Wapo wanaokaa pale kwa sababu wanatoka na jahazi usiku, wanataka kukaa macho, wamelipa kahawa na wamepewa harufu yake. Hapo si baba yako tu mliyemuamulia.

La tatu ni ulimi wa mzee. Mtu aliyekaa na kahawa umri wote huo unadhani hataijua? Tangawizi itaficha kidogo, sawa. Labda mwezi. Alafu siku akijua, atajua kwamba aliyemfanyia ni mkewe, alfajiri kwa alfajiri, kwa mkono wake, kwa ushauri wa mwanawe. Wewe utakuwa Malindi. Mama ndiye atakayekuwa jikoni. Sijui kama ulilifikiria hilo ulipoona yuko tayari, mama mwenye hofu anakuwa tayari kwa mengi.

Na kuna uwezekano pia asijue kamwe, alale vizuri, presha ishuke, mfe nayo siri. Hilo nalo linawezekana, siwezi kukuficha.

Njia nyingine ni ile ile pakiti lakini mezani. Wewe na baba ni mafundi wa kitu kimoja mwanangu, na sijaona popote kwenye barua yako kwamba mmewahi kukaa mkazungumza kahawa, yeye na dele lake wewe na mashine yako. Mpelekee aionje kama fundi. "Baba, Wataliano wanakunywa hii, hebu itie tangawizi uniambie ina kasoro gani." Si mbele za watu, nyumbani, baada ya chakula. Mwambie na kisa chake, maana kina utamu: kahawa isiyo na kafeini iliingizwa sokoni mwanzoni mwa karne ya 20 na Mjerumani wa Bremen, Ludwig Roselius, ambaye baba yake alikuwa muonjaji wa kahawa kwa kazi, na alipokufa mtoto akaamini kahawa ndiyo iliyomuua. Kweli au si kweli ya kifo chake Mungu ndiye ajuaye, lakini baba yako akisikia kuna mtoto mwingine aliyehangaika hivyo kwa ajili ya baba yake huenda akakuangalia kwa jicho jingine. Anaweza pia kukucheka na kuimwaga. Na hapo utakuwa umeshafungua kadi zako, kurudi kwenye siri itakuwa vigumu zaidi.

Yapo pia mambo madogo madogo. Jioni awe na buli lake pembeni, tangawizi na iliki tupu bila kahawa, anamimina kwa wateja ya dele na yeye anakunywa ya buli, kifinjani ni kile kile na kukaa ni kule kule. Wenzake watamtania, na mzee wa barazani akitaniwa siku mbili tatu anaweza kukasirika akarudia, labda apatikane mmoja wao mwenye presha pia waanze pamoja, na nina hakika yupo. Au muulize kahawa anainunua wapi. Siku hizi inayouzwa kwa bei nafuu ni robusta, ya Uganda nyingi ni hiyo, na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, hii inayolimwa zaidi kwetu Kenya. Akihamia arabika tupu kafeini inapungua bila kupunguza hata kifinjani, ila bei itapanda na faida itashuka, na hapo ndipo wewe mwenye mshahara unaweza kusaidia kwa mkono badala ya maneno.

Jambo moja la kando, kahawa ya kuchemshwa bila kuchujwa kwa karatasi inabaki na mafuta yake, na hayo yanapandisha kolesteroli. Deca nayo ni hivyo hivyo ukiichemsha. Kwa hivyo wakimpima wapime na hiyo. Na aiache ipoe kidogo, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa mwaka 2016 lilisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinaleta saratani ya koo la chakula. Kahawa yenyewe hawakuilaumu.

Nimebakisha hilo unalolipitisha tu.

Mama anasema ungekuwa hapa ukakaa na dele. Hukuniuliza na sitakujibu, ila nitakuuliza mimi. Ikiwa mzee atapumzika jioni, nani atakaa na dele? Je, inawezekana kidogo tu kwamba pakiti inakuvutia kwa sababu inaacha kila mtu pale pale alipo, baba barazani, mama jikoni, wewe Malindi? Si aibu. Malindi una kazi yako unayoijua na labda una maisha yako huko ambayo hukuyaandika. Lakini baba naye huenda hakatai daktari, huenda anaona akiliachia dele hakuna wa kulipokea, na mtu akiona hivyo analishika zaidi. Au pengine mimi naona mbali mno na mzee anapenda kahawa yake tu, wapo. Hamjaulizana. Kaka yako yupo hapo hapo Lamu? Kuna mpwa, kuna kijana wa jirani wa kushika zamu ya usiku baada ya isha? Mama akikwambia tena kwenye simu, jaribu safari hii usilipitishe, muulize anamaanisha nini hasa, huenda hamaanishi dele.

Maulidi mji unajaa na mauzo ni makubwa, mzee atakuwa na shughuli na furaha, sijui kama ni siku za kuanza jambo hili au ni siku za kukaa naye tu ukamsaidia kuosha vikombe. Wewe unamjua.

Wakati huo mnapofikiria, mwambie mama: mzee akilalamika kifua kinabana, mdomo ukienda upande, mkono au mguu mmoja ukalegea, au maneno yakatoka yamepinda, asimngojee daktari wake wa kawaida wala asingoje kupambazuke, hospitali hapo hapo. Na hizo dawa za presha ulizia mwenyewe ukifika zimebaki ngapi kwenye pakiti, ndiyo utajua anameza au hamezi.

Msalimie mama, na uniandikie mzee alisema nini alipoonja, kama atakuwa ameonja.

Khalti